Uzi wa chini umekwisha, cherehani bado inalia

Barua za mwezi huu nimezisomea kwenye meza ya kukatia nguo, maana ndiyo meza niliyo nayo. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mjane, nimekuwa fundi cherehani kwa miaka 31, na nimekuwa mzee wa kanisa vipindi viwili. Uchungaji sina, na chuo cha theolojia nimekiingia mara moja tu, nikipeleka majoho. Nimechagua barua tano ambazo, ukizipekua vizuri, zinauliza jambo moja: mtu akiwa na Kristo Jumapili, Jumatano anabakije naye?

*Shikamoo Mama. Kabla sijazaa nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, naomba saa nzima, nasoma sura tatu. Sasa nina mtoto wa miaka miwili na mwingine wa miezi mitano. Nikipiga magoti nasinzia. Juzi mume wangu alinikuta nimeilalia Biblia, ukurasa umelowa mate. Najiona nimemwacha Yesu nikafuata watoto. Nirudije? – Mama wa wawili*

Marahaba mwanangu. Ukurasa uanike ukauke, uendelee kuusoma. Wangu wa Warumi una doa la mafuta ya cherehani tangu mwaka ambao siukumbuki tena.

Unaniuliza urudije, nami kwanza nataka kujua kama uliondoka. Usiku ule wa mwisho Bwana aliwaambia wanafunzi wake, "Kaeni ndani yangu." Katika Yohana 15, kuanzia aya ya 4 hadi ya 10, neno hilo la kukaa limerudiwa mara 10 katika Kiyunani. Sisi tunalo mdomoni kila siku ila tumelizoea mno. Mtu akikuuliza, "Unakaa wapi?", haulizi umeketi kwenye kiti gani. Anauliza kwako ni wapi. Nawe utamtajia nyumba yako hata kama tangu alfajiri hujaiona. Fundi aliyeshinda juu ya paa la watu atataja kwake, na hajasema uongo. Wale wanafunzi wawili wa mwanzo kabisa, Yohana 1:38, swali lao la kwanza kwa Yesu lilikuwa hilo hilo: "Rabi, unakaa wapi?" Na kwa Kiyunani ni neno lile lile la sura ya 15. Akawaambia waje waone, wakakaa kwake siku ile, na mwandishi anataja hata saa, yapata saa kumi. (Sisi tunaohesabu saa kama wao hatuhitaji mfasiri hapo: jua limeanza kulegea, siku inaelekea mwisho, na ndio kwanza wanaanza kukaa naye.)

Basi mtoto akikuamsha saa nane za usiku kwa mara ya nne, machozi yakakulenga, jina gani linakutoka? Umesema katika barua yako, sehemu ambayo mhariri ameipunguza, kwamba unajikuta unasema "Yesu, Yesu" huku unambembeleza. Hiyo ndiyo anwani yako. Hujahama.

Sikwambii usiombe. Nakwambia ombi lina maumbo mengi kuliko lile la saa kumi alfajiri. Soma Nehemia 2:4. Mfalme anamwuliza ana haja gani, na kabla hajajibu Nehemia anasema, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni." Kisha papo hapo anaanza kumjibu mfalme. Ombi zima limeingia kati ya swali na jibu, na mfalme wala hakujua kama kuna mtu wa tatu aliyezungumzwa naye. Utaniambia kwamba katika sura ya kwanza alikuwa ameshafunga na kuomba siku kadhaa. Kweli kabisa. Na wewe ulikuwa na miaka yako ya saa kumi alfajiri. Unadhani ilimwagika wapi?

Kulikuwa na mtawa mmoja Paris, karne ya 17, anaitwa Ndugu Lawrence. Aliwahi kuwa askari, akaingia utawani, akapangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda hata kidogo. Akajizoeza kuzungumza na Mungu pale pale kwenye masufuria, hadi akafika mahali pa kusema kwamba saa ya kazi na saa ya sala kwake hazikuwa na tofauti. Watu hupenda kumtaja wakaishia hapo. Mimi napenda zaidi alichokiandika yeye mwenyewe katika barua zake, kwamba miaka 10 ya kwanza aliteseka sana. Miaka 10! Wewe una miezi mitano.

Na kama unataka ratiba, chukua ya zamani. Katika Didakhe, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo mwanzo kabisa ambayo nakala yake ilikuja kugunduliwa mwaka 1873, waumini wanaagizwa wasali Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Basi. Ukiisali polepole haifiki dakika moja. Nadhani waliijua hali ya mama anayenyonyesha.

Jambo la mwisho. Huyo mume aliyekukuta umelalia Biblia ana mikono miwili. Mwombe awashike watoto robo saa kila jioni, ufunge mlango. Ukisinzia, sinzia. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale. Iko katika 1 Wafalme 19, na sijui kwa nini hatuihubiri kwa akina mama.

*Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Mimi ni mwalimu wa kwaya, katibu wa vijana, tena Jumapili nafundisha watoto. Watu husema nimejaa Roho. Ukweli ni kwamba nikifika nyumbani sina hamu ya kufungua Biblia, na nikiifungua natafuta somo la kufundisha. Nikiongoza maombi maneno yanatoka yenyewe, watu wanalia, mimi nawaza funguo za stoo ya vyombo nimeziweka wapi. Je, mimi ni mnafiki? – Mwalimu wa kwaya*

Milele amina. Mnafiki halali macho wazi kwa swali hilo, kwa hiyo tuliache. Ngoja nikusimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Mwaka mmoja nilipewa kazi ya kushona majoho 40 ya kwaya, yavaliwe Pasaka. Mwaka huo huo nilikuwa mwenyekiti wa akina mama, nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi, na kila Jumatano niliongoza maombi. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu yalikuwa yamebaki majoho sita. Nilikuwa na mwanafunzi wa ushonaji, binti wa miaka 17, kazi yake kukata nyuzi zinazoning'inia na kugeuza kola. Yapata saa mbili akanisemesha kuuliza rangi ya uzi. Nikamfokea. "Niache nifanye kazi ya Mungu," nilimwambia, kwa maneno hayo hayo. Akanyamaza. Nikaendelea kukanyaga.

Sasa, kwa asiyeijua cherehani: mshono mmoja ni nyuzi mbili. Wa juu unapita kwenye tundu la sindano, kila mtu anauona. Wa chini umezungushwa kwenye bobini, umefichwa ndani ya tumbo la mashine. Sindano ikishuka, kuna ndoana kule chini inayodaka kitanzi cha uzi wa juu na kukizungusha kwenye bobini, na hapo nyuzi mbili zinashikana katikati ya kitambaa. Uzi wa chini ukiisha, mashine kama yangu haina habari. Sindano inapanda na kushuka, mlio ni ule ule, kitambaa kinasogea, na ukitazama kwa juu uzi umelala mstari mmoja umenyooka vizuri tu.

Nilishona mkono. Nikashona ubavu wa kulia. Nikageuza, nikashona wa kushoto. Nilipoliinua joho kulikung'uta, likafunguka mikononi mwangu kama kitabu. Uzi ulichomoka wote kwa urefu wake, laini, hata haukukatika. Vikabaki vitundu tu kwenye kitambaa, vimepangana.

Yule binti alikuwa amekaa na mkasi wake. Akasema taratibu, "Mama, uzi wa chini ulikwisha muda mrefu. Niliogopa kukuambia."

Joho halikuniuma, joho hushonwa upya. Kilichoniuma ni kwamba jana yake, Jumatano, nilikuwa nimeongoza maombi, watu wakaitikia amina kwa sauti, na mtoto aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu alikuwa ananiogopa. Nilikuwa nimeshaisoma Yohana 15 mara nyingi. Nikifika "huyo huzaa sana" nilikuwa nahesabu majoho. Sikuwa nimefika aya ya 12 kwa akili, ambako Bwana anasema amri yake ni hii, tupendane. Tawi langu lilikuwa na kila kitu isipokuwa zabibu.

Usiku ule nilimwomba radhi. Alishangaa kuliko alivyofurahi. Majoho ya mwisho aliyashona yeye, mimi nikakata nyuzi, na mishono yake ilikuwa imepinda kidogo, na Pasaka hakuna aliyeona.

Baada ya sikukuu niliacha uenyekiti. Walinung'unika wiki mbili, kisha wakamchagua mwingine ambaye, niseme ukweli, anaifanya kazi ile vizuri kuliko mimi. Halafu nikaanza kuisoma Injili ya Marko tangu sura ya kwanza bila daftari wala kalamu karibu. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuacha uenyekiti. Nilikuwa nimezoea kusoma kama mtu anayenunua kitambaa cha mteja, nakipima, nakikunja, nakipeleka. Wiki za kwanza hapakuwa na kitu. Nilifika sura ya 6, mitume wamerudi kutoka kazini, tena kazi aliyowatuma yeye, wamemsimulia yote waliyotenda na kufundisha. Naye akawaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Na Marko anaongeza kwamba hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Nilikaa kwenye mstari huo wiki nzima, na sikumfundisha mtu. Sura 16 zilinichukua miezi minne.

Kwa hiyo mwanangu, kwaya usiiache, naona katika barua yako ndiyo unayoipenda. Lakini umetaja vitu vitatu. Kipi kati ya hivyo unakishika kwa sababu tu siku ile mlipoulizwa hakuna aliyenyoosha mkono? Hicho kirudishe. Na utafute mtu mmoja, mmoja tu, umwambie haya uliyoniambia mimi, mtu anayeweza kukaa karibu na mashine yako na asikuogope.

*Bwana asifiwe Mama. Biblia yangu iko kwenye simu. Nikiifungua asubuhi, kabla sijamaliza aya mbili ujumbe unaingia, naujibu, nikija kushtuka nusu saa imekwenda na nimeshasahau nilikuwa kitabu gani. Nifanye nini? – Kijana wa simu*

Amina. Tafuta Biblia ya karatasi. Simu iache chumba kingine, siyo kifudifudi pembeni yako, chumba kingine. Ukirudi utazikuta zote zinakusubiri, hakuna aliyekufa.

Lakini usiipe simu lawama zote. George Müller, yule aliyelea mayatima wengi kule Bristol, Uingereza, aliandika mwaka 1841 kwamba kwa muda wa miaka 10 hivi alikuwa na desturi ya kuanza kuomba mara tu anapomaliza kuvaa asubuhi, na mawazo yake yalikuwa yakizurura dakika 10, robo saa, hata nusu saa kabla hajaanza kuomba kweli. Na simu ilikuwa haijabuniwa. Dawa aliyoipata ni kugeuza mpangilio: akaanza na Neno, asome kidogo akilitafakari polepole, na katika kutafakari akajikuta ameshaanza kuomba, au kushukuru, au kutubu, bila kupiga honi ya kuanza. Kwangu mimi imefanya kazi. Jaribu mwezi mmoja, aya chache, ukisoma kwa kutoa sauti. Sauti ya mtu mwenyewe humrudisha nyumbani.

*Mama, sitaki jina langu litajwe. Natunza stoo. Mwaka jana nilitia sahihi kupokea mzigo ambao haukuwa kamili, nikapewa kitu kidogo. Tangu hapo, na hata kwa makosa mengine madogo, nikikosea nakaa wiki nzima bila kuomba. Naona aibu. Nangoja moyo utulie, nijione safi kidogo, ndipo niongee na Yesu. Siku hizi wiki imekuwa mwezi. – Mtunza stoo*

Ndugu yangu, nakupa Petro, kwa sababu Yohana amemwandikia mtu kama wewe na amefanya hivyo kwa ustadi wa fundi.

Usiku Petro alipomkana Bwana kulikuwa na baridi. Watumishi walikuwa wamewasha moto wa makaa uani, wanaota, na Petro akasimama nao akiota moto. Ni Yohana 18:18. Hapo ndipo maneno "si mimi" yalipomtoka. Neno hilo la Kiyunani la moto wa makaa limetumika mara mbili tu katika Agano Jipya lote. La pili ni Yohana 21:9. Wamevua usiku kucha, hawakupata kitu, asubuhi kuna mtu ufukoni. Petro aliposikia ni Bwana akajifunga vazi lake akajitupa majini, mashua ikiwa bado yapata dhiraa 200 kutoka nchi kavu, kama meta 90. Wanafika ufukoni, na kuna nini? Moto wa makaa, umewashwa na Yesu mwenyewe, na samaki juu yake, na mkate.

Fikiria harufu ile. Kama kuna kitu ambacho Petro hakutaka kukinusa tena maishani mwake ni moshi wa makaa. Na Bwana hakumwambia akae mbali kwanza ajisafishe. Alimwandalia pale pale penye kidonda, akamlisha, na baada ya kula ndipo akamwuliza mara tatu kama anampenda. Angalia mpangilio: kula kwanza, swali baadaye.

Wewe unafanya kinyume. Unangoja mashua ifike nchi kavu, nguo zikauke, ndipo umsogelee. Kujiona safi ndio mwisho wa njia, na wewe umeuweka mlangoni. Nenda leo, ukiwa umelowa. Mwambie, "Bwana, nilitia sahihi." Usilipambe, wala usianze na nyimbo. Anayajua makaratasi yale kuliko mkaguzi.

Sasa upande wa pili, na huu hutaupenda. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake, hakuishia kwenye furaha. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Hakuna aliyemlazimisha. Hakurudisha ili Yesu aje kwake, maana Yesu alikuwa ameshaingia. Mzigo ule pungufu kuna mtu amebebeshwa lawama, au kuna hesabu inadanganya mpaka leo. Kitu kidogo ulichopewa kitoke mikononi mwako, na mwajiri wako aambiwe. Sikufichi, unaweza kupoteza kazi. Usiende peke yako, nenda na mchungaji au mzee unayemwamini, na kabla ya hapo kama kuna ndugu anayejua sheria mwulize. Mambo haya nayasema kwa urahisi kwa kuwa sahihi siyo yangu, hilo nalijua. Lakini nina wasiwasi kwamba ule mwezi wako wa kimya hautakatika kwa maombi matupu, kwa sababu kila asubuhi unakwenda kuketi katikati ya stoo ile ile na kitabu kile kile cha kupokelea mizigo.

Niandikie, hata kama ni mstari mmoja.

*Mama, nisamehe kwa kuuliza. Unajibu kama mtu ambaye hajawahi kukosa majibu. Mimi nimefiwa na dada yangu miezi sita iliyopita, na nikiomba ni kama nazungumza na ukuta. Hivi na wewe kumewahi kuwa kimya? – Msomaji wako wa siku nyingi*

Pole sana mwanangu. Pole kwa dada.

Kumewahi. Mume wangu alipofariki sikuweza kuomba karibu miezi minane. Sikukasirika, ambalo lingekuwa afadhali. Palikuwa patupu tu. Watu walinijia na mistari ya kutia moyo, mizuri yote, nami nilikuwa naipokea kama mtu anayepewa nguo isiyo kipimo chake: unashukuru, unaikunja, unaiweka.

Kilichonifaa ni kugundua kwamba Biblia yenyewe ina ombi la aina yangu. Zaburi ya 88 ina aya 18, na tofauti na zaburi nyingine nyingi za kilio, haigeuki mwishoni ikawa sifa. Neno lake la mwisho, katika Biblia tunayoitumia wengi wetu, ni "gizani". Imeishia hapo, na hakuna aliyeiondoa. Kwa vizazi na vizazi watu wa Mungu wameiimba hivyo hivyo. Nikasema, basi kama hili ni ombi, nami naweza kuomba. Nilikuwa naisoma usiku, nafunga, nalala. Sikuongeza neno langu hata moja. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba sisi tusipoamini yeye hudumu wa kuaminiwa, kwa kuwa hawezi kujikana mwenyewe, na miezi ile nililala juu ya huo mstari kama godoro, sikuusimamia.

Kama pamoja na ukuta huo huli, hulali, au mawazo ya kutaka kumfuata dada yanakupitia, mwone daktari wiki hii, na usikae peke yako usiku. Hilo siyo upungufu wa imani.

Na unaniuliza kimya kilikatikaje. Hakikukatika kwa siku moja. Yule binti wa mkasi, ambaye wakati huo alikuwa fundi kamili mwenye cherehani yake, alianza kuja kwangu Jumatano jioni. Hakuuliza naendeleaje. Alikuwa anavuta kiti, anafungua Zaburi pale tulipoishia, anasoma moja kwa sauti, mimi nikifumua mishono ya nguo za kurekebisha. Akimaliza anakunywa maji, anaondoka. Wiki nyingi sikusikia alichosoma, nilisikia sauti yake tu. Kisha Jumatano moja akaruka mstari, nikamsahihisha bila kuinua kichwa, akatabasamu, na mimi nikashtuka kwamba kumbe nasikiliza.

Bado anakuja. Tumeshaizunguka Zaburi yote mara kadhaa, na wiki ijayo tunafika tena ile ya 119. Ina aya 176, na ameshaniambia nitafute mto wa kukalia.